Vitufe a, q, z na 1 vimekufa pamoja, fundi anasema ni ubao mama

Mwalimu_Busia
Habari za jioni jamani. Naandika kwa simu kwa sababu laptopu imenigomea. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu mtaala mpya wa 2020 ukifanye kuwa somo la lazima S.1 na S.2 (kidato cha kwanza na cha pili), mitihani ya kuchapa imekuwa mingi. Juzi jioni nikafungua mashine, vitufe vinne havijibu: a, q, z na 1. Vingine vyote vizima. Bila q naweza kuishi, lakini a! Nikiandika "Chagua jibu sahihi" inatoka "Chgu jibu shihi".

Hakuna kilichomwagika. Nimezima na kuwasha, nimepuliza vumbi, wapi. Fundi mmoja wa hapa mjini ameishika dakika chache tu akasema ubao mama (motherboard, ule ubao mkuu wa ndani) umeungua, anataka shilingi 350,000. Hiyo kwangu ni ada ya mtoto. Kweli ubao mama unaweza kuua vitufe vinne tu? Karatasi ya S.2 inatakiwa kwa mkuu wa masomo Ijumaa.

Abu_Tororo
Pole mwalimu. Pengine kichujio cha vitufe (Filter Keys) kimewaka. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 Windows huuliza kama ikiwashe, na mtoto akikubali tu, herufi zinaanza kupotea. Angalia kwenye mipangilio.

Fundi_Wandegeya
Dada mwalimu, hiyo hela usiitoe kwanza. Alichosema Abu kipo, ila kingesumbua kibodi nzima.

Tazama vilivyokaa: 1, q, a, z vimeshukiana upande wa kushoto. Chini ya vitufe kuna karatasi za plastiki zenye njia za umeme, nyingine wima, nyingine mlalo, na kila kitufe kinakaa pale njia mbili zinapokutana. Mpangilio hutofautiana mashine kwa mashine, lakini majirani wakifa kwa mpigo namna hii, mara nyingi ni njia moja iliyokatika, au mguso uliochafuka kwenye ule waya bapa unaochomekwa kwenye ubao mama.

Azima kibodi ya USB popote, hata ofisini. Ukibonyeza a yake ikaandika, Windows yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye kibodi ya ndani au waya wake. Ubao mama ni wa mwisho kabisa kulaumiwa. Inaniuma mtu anapoambiwa "imeungua" na mashine haijafunguliwa hata skrubu moja.

Atakayeifungua achomoe betri kwanza. Waya bapa una kifuli kidogo cha plastiki, kinainuliwa kwa ukucha taratibu. Kikivunjika, hapo ndipo ubao mama utahusika kweli. Miguso isafishwe kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, kamwe si maji, iachwe ikauke.

Mama_Fotokopi
Na kwa ajili ya Ijumaa, mwalimu: pakua PowerToys ya Microsoft, ni ya bure, inakubali Windows 10 na 11. Inakuruhusu kukipa kitufe kimoja kazi ya kingine. Kiswahili hakina x, basi ifanye x iandike a. Kwangu dukani ilifanya kazi hivyo hivyo mpaka kibodi mpya ilipofika. Ila kwenye ukurasa wa nenosiri haifanyi kazi. Kama nenosiri lina a, bonyeza alama ya ufikivu (Accessibility) pale chini kulia, kisha chagua kibodi ya kwenye skrini.

Mwalimu_Busia
Mungu awabariki. Nimeazima kibodi ya mhasibu wa shule: a inaandika, na zile tatu pia. Kwa hiyo si ubao mama. Ya mhasibu nimemrudishia, nimeweka x iwe a, na karatasi ya S.2 imekamilika. Vidole vinachelewa kuzoea, lakini "Chagua" inasomeka. Fundi mwingine ameifungua mbele yangu, akasafisha waya na kuurudisha. Imerudi 1 peke yake, tena ukiikandamiza. Nifanyeje?

Fundi_Wandegeya
Basi njia yenyewe imekatika ndani, badilisha kibodi. Usinunue kwa jina la laptopu tu, maana mashine za jina moja huwa na kibodi tofauti. Mwambie huyo fundi aitoe, apige picha ya namba iliyobandikwa mgongoni mwake, na picha ya upande wa mbele ili Enter ionekane: kuna ya mlalo na kuna ya kusimama. Nitumie zote mbili. Nikiipata hapa Kampala naipandisha basi la Busia, na utalipa ukishaijaribu.