GPA (wastani wa pointi) 3.2 naingia mwaka wa tatu, apa (daraja la pili la juu) bado inawezekana au nijiandae na loa (daraja la pili la chini)?

Kijana wa Hosteli
Wakuu habari za majukumu. Niko chuo kimoja hapa Dar, digrii ya miaka mitatu, matokeo ya semista ya pili yametoka juzi. Mwaka wa kwanza nilimaliza na 3.0, kulikuwa na sapu (mtihani wa marudio) ya takwimu nikaipasua vizuri tu lakini wakanibandika C, mwaka wa pili nimepata 3.4. Sasa jamaa ninayekaa naye rumu anasema nikikaza mwaka huu natoka na fest klasi (daraja la kwanza), mwingine anasema hata apa nisahau. Mzee nyumbani naye kila akipiga simu anauliza "ni ngapi kati ya ngapi". Anayeijua hii hesabu anifafanulie, na je naweza kuirudia ile takwimu nipandishe hata iwe B? Kashfa weka pembeni tafadhali.

Mbu wa Kigogo
Nimekaa pale na kahawa yangu, ngoja waje wenye fani zao.

Mama Kredit
Mdogo wangu huyo wa rumu kakudanganya, fest klasi haipo tena na sio kwa sababu huna akili, hesabu tu imegoma. GPA yetu mwisho ni 5. Fest ni 4.4 hadi 5.0, apa 3.5 hadi 4.3, loa 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6. Digrii ya miaka mitatu ni kredit (uzito wa kozi) 360, yaani 120 kila mwaka. Wewe miaka miwili una wastani wa 3.2 kwenye kredit 240, hapo una pointi 768. Ili ufike 4.4 kwa kredit zote 360 unatakiwa uwe na 1584, kwa hiyo mwaka wa tatu peke yake ulete 816, gawanya kwa 120 unapata 6.8. Sasa 6.8 utaitoa wapi wakati A ni 5?

Apa ndio yako. 3.5 mara 360 ni 1260, toa 768 inabaki 492, gawanya kwa 120 ni 4.1. Ngumu ila watu wanaipiga.

Kijana wa Hosteli
4.1 ndio nini kwa lugha ya kozi dada? Maana sijawahi kuivuka hiyo 3.4.

Mama Kredit
Vyuo vingi A ni 70 kwenda juu pointi 5, B+ 60 hadi 69 pointi 4, B 50 hadi 59 pointi 3, C 40 hadi 49 pointi 2. Tuseme una kozi 10 za kredit 12 kila moja, unahitaji jumla ya 41, kwa hiyo A moja na B+ tisa umefika. Au A nne, B+ tatu na B tatu, napo umefika. Umeona? A moja inaifuta B moja, ila ukipata C inabidi utafute A mbili za kuizika.

Halafu angalia hili, aliyepata 60 na aliyepata 69 wote ni pointi 4, lakini wa 69 na wa 70 wanapishana pointi nzima. Ndio maana mimi nilikuwa naandika kosi weki (maksi za kazi na majaribio ya semista) zangu zote nyuma ya daftari, nikiingia UE (mtihani wa mwisho wa semista) nina 31 kati ya 40 najua nahitaji 39 kati ya 60 niguse A, basi nguvu naipeleka huko, ile kozi niliyokwama kati ya 52 na 55 naiacha ijiendee. Wengi wanasoma kozi zote sawasawa kama wanamwagilia bustani, mwisho wanavuna 68, 67, 58.

Takwimu sahau, kozi uliyofaulu hairudiwi ili upandishe. Na sapu hata upate 80 ni C tu.

Mzee wa Desa
Mama Kredit kamaliza, naongeza moja. Hizo 3.0 na 3.4 unazoziona zimekatwa desimali, hazijakadiriwa kwenda juu. Mtu mwenye 4.39 anaandikiwa 4.3 na fest anaisikia kwa jirani. Kwa hiyo inawezekana ulikuwa na 3.08 na 3.47, chukua matokeo yako zidisha pointi kwa kredit kozi moja moja upate jumla ya kweli, unaweza kukuta unahitaji 3.95 tu mwaka huu. Pia cheki uzito, B kwenye projekti ya kredit nyingi inauma kuliko B kwenye kikozi cha kredit 6. Msimamizi wa projekti msumbue kuanzia wiki ya kwanza, usingoje akutafute, hakutafuti.

Shemeji Nairobi
Huku kwetu Kenya vyuo vingi hata hiyo GPA hatuna, ni wastani wa asilimia. 70 kwenda juu fest klasi, 60 hadi 69 sekondi apa, 50 hadi 59 sekondi loa, 40 hadi 49 pasi. Hapo 69 na 60 zinatofautiana kweli kwenye wastani. Shida yetu ni maksi kupotea, unafanya mtihani, unaambiwa haukuwepo, unaanza kutafuta lekchara na karatasi ya mahudhurio mkononi.

Bodaboda Msomi
Mnamtia presha bure. Usaili wa ajira za serikali pale Sekretarieti ya Ajira unaandika mtihani kama wengine wote, mwenye loa anampita mwenye fest, nimeshuhudia. Apa mwenzenu ninayo na abiria hajawahi kuniuliza.

Mama Kredit
@Bodaboda Msomi kwenye usaili uko sahihi, ila akitaka kubaki chuoni kufundisha wanaanzia 3.8, na masta kwa kawaida wanaanzia 2.7. Kwa hiyo kwa masta hata loa inamfikisha, ualimu wa chuo ndio mlango karibu umefungwa kwa digrii hii, mpaka apate A tupu, maana hapo mwisho wake ni 3.8 na kukosa moja tu kwishnei. Dogo unataka nini hasa?

Kijana wa Hosteli
Masta, ila baadaye. Nimepiga hesabu kozi moja moja kama Mzee wa Desa alivyosema, pointi za kweli ni 781. Kwa hiyo 1260 toa 781 ni 479, gawanya 120 ni 3.99. Kuna kozi ya hiari ya kredit 8 kila mtu anasema lekchara wake anagawa A, nichukue hiyo au ile ya kredit 12 ninayoipenda?

Mzee wa Desa
Ile unayoipenda. "Anagawa A" nimeisikia tangu tukiwa sisi, ukifika kumbe kabadilishwa lekchara. Na usajili wa kozi usisubiri wiki ya mwisho, mfumo unajam.