Ushauri wakuu: Pirates wamenichosha, Brewers wanapeta. Nilipie tiketi za msimu ujao au niache?

Mkazi wa Pittsburgh (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni watu wa kabumbu, ila wapo wenzangu wa Marekani watakaonielewa. Nashabikia Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya mji ninaoishi. Msimu wa 2025 tumemaliza mkiani mwa kundi letu: tumeshinda 71, tumepoteza 91. Milwaukee Brewers, tulio nao kundi moja, wameshinda 97, na hakuna aliyewazidi ligi nzima.

Wangekuwa Dodgers, wale matajiri wa Los Angeles, ningesema ni pesa. Lakini soko la runinga la Milwaukee ni dogo hata kuliko letu! Sisi mara ya mwisho kuingia mtoano ni 2015. Kocha alifukuzwa Mei, bado tukaishia mkiani. Uwanjani watu wanaimba mwenye timu aiuze, na mwenye timu ni yuleyule tangu 2007.

Huwa nakata tiketi mbili za msimu mzima. Siku hizi silali vizuri nikiliwaza jambo hili. Nilipie tena au niachane nao?

Mzee wa Msimbazi
Pole sana mkuu. Sisi Simba tumemtazama Yanga akibeba ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025. Na zile bao tano walizotufunga Novemba 2023 bado zinaniwasha. Siku ile nilitoka Uwanja wa Mkapa kwa mguu, simu nimezima, bodaboda wamejifunga skafu za njano na kijani wananipigia honi mpaka nafika nyumbani. Mke wangu ni Yanga. Alinipakulia chakula, hakusema neno, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Sikuhama. Timu haihamwi mkuu, lipia.

Ingwe Damu
Mzee, miaka minne unalia? AFC Leopards ubingwa wetu wa mwisho ni 1998. Wanangu wote wamezaliwa na kukua bila kuuona, na plot ninayokaa ni Gor Mahia watupu. Kila msimu nasema huu ndio wetu. Lipa hizo tiketi ndugu yangu.

Mama Wawili
Umesema tiketi mbili. Ya pili ya nani?

Mkazi wa Pittsburgh
Ya dogo wangu. Ila naomba tubaki kwenye swali, ni suala la timu.

Mama Wawili
Na huyo dogo anasemaje kuhusu timu?

Mtu wa Bajeti
Kwani besiboli wanacheza mechi ngapi kwa msimu? Hizo tiketi si bei ya kiwanja Kibaha?

Jirani wa Milwaukee
Wanacheza 162, na 81 kati ya hizo ni nyumbani.

Mleta uzi, mimi ni wa upande wa pili na nakuheshimu. Usidhani sisi tunaogelea kwenye hela. Craig Counsell, kocha wetu, alichukuliwa na timu ya Chicago Cubs mwishoni mwa 2023. Corbin Burnes, mrushaji wetu tegemeo (yule anayewarushia wapinzani mpira waupige), tukampeleka Baltimore mapema 2024. Devin Williams naye akaenda Yankees mwisho wa mwaka huohuo. Kila mara watu walisema Brewers kwisha, na kila mara tukaongoza kundi. Pat Murphy aliyempokea Counsell kachukua tuzo ya kocha bora 2024, akarudia 2025. Siri ni kumwachia mchezaji angali na thamani, halafu unachukua vijana wanaojua kukimbia beisi (vile vituo vinne vya uwanjani) na kudaka. Kwenye biashara ya Williams tulimpata Caleb Durbin, akashika beisi ya tatu kuanzia Aprili 2025 kama amezaliwa pale. Pirates wanaachia watu pia, tatizo wanaowapokea hawapigi mpira.

Mama Wawili
Mleta uzi bado hajanijibu.

Mkazi wa Pittsburgh
Haya dada. Dogo ana miaka 11 na amehamia Brewers. Mjomba wake anaishi Milwaukee, amemtumia jezi na kofia, na sasa anataka dogo aende akae kwake likizo ya kiangazi. Nimeshakataa. Na jezi nimemwambia asiivae ndani ya nyumba yangu.

Kabla hamjanisema, nisikilizeni. Nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Uwanjani ndiko tunakoongea. Anakaa na daftari, anaandika kila mpigaji, ananiambia "Baba, huyu anavizia beisi ya pili, angalia kisigino chake", na kweli jamaa anachomoka. Tunaongea hivyo kuanzia awamu ya kwanza hadi ya tisa, yaani mechi nzima. Tukishavuka daraja kurudi kwenye gari, Kiingereza kinarudi. Sasa akiwa mtu wa Brewers, mimi pale nitakaa na nani?

Kianzio cha tiketi zote mbili nimeshakilipa. Mama yake hajui bado. Nililazimika, nafasi zetu zingechukuliwa.

Mama Wawili
Kumbe umeshalipa, halafu unatuuliza ulipe au uache. Kaka, mtoto kapewa jezi na mjomba wake na wewe unaona umeibiwa mtoto. Wangu wa kwanza alihama hadi dhehebu na bado tunakula meza moja. Mwambie mkeo kuhusu hiyo hela leo.

Fundi Saa
Mimi nasema hii ni chai. Mswahili gani anaandika takwimu za besiboli kwenye daftari? Nimeangalia mtandaoni: tuzo ya Cy Young ya 2025, ya mrushaji bora wa National League (nusu moja ya ligi kuu yao), kachukua Paul Skenes wa hao hao Pirates. Rekodi yake: kashinda 10, kapoteza 10. Mrushaji bora gani anapoteza mechi kumi? Ama tovuti inadanganya, ama mleta uzi katunga na kajisahau.

Mtu wa Bajeti
Nilihisi. Weka picha ya tiketi.

Jirani wa Milwaukee
Fundi, hapo umeteleza. Ile rekodi ni ya kweli na ndiyo inayoeleza uchungu wa huyu bwana. Skenes aliruhusu wastani wa mbio (ndiyo mabao ya besiboli) 1.97 tu kwa kila awamu tisa, na majaji wote walimweka wa kwanza. Ila mrushaji akitoka timu iko nyuma na isirudi, anaandikiwa yeye kupoteza. Na hakuna timu iliyopata mbio chache kuliko Pirates msimu ule. Kijana anafungwa moja, wenzake wanapata sifuri.

Mkazi wa Pittsburgh
Asante jirani. Fundi, picha siweki, mtoto wangu yumo. Nikuambie ninapokaa: upande wa kulia, karibu na ule ukuta wa futi 21, kwa heshima ya namba ya jezi ya Roberto Clemente, nyota wetu wa zamani aliyefariki kwenye ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua. Mwaka 2025 alama yake ya 21 pale ukutani ilifunikwa na tangazo la kinywaji, familia yake ikalalamika, ikarudishwa. Dogo ndiye aliyenionyesha kwamba haipo.

Na niliingia kwenye mchezo huu Aprili 2017, Pirates walipomwita Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza kutoka bara letu kwenye ligi kuu. Zamu yake ya kwanza kabisa aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, akafika beisi. Nilisimama nikapiga kelele kati ya watu nisiowajua. Hata mwaka haujaisha wakamwachia kwenda Toronto. Mnaona ninachovumilia?

Mzee wa Msimbazi
Ngoepe sikuwahi kumsikia! Huo ungeanzishiwa uzi wake.

Fundi Saa
Sawa, ya ukuta nimeiona. Naondoa neno chai. Ila jezi ya mtoto mrudishie.

Jirani wa Milwaukee
Mkuu, mlete dogo wiki Pirates wanayocheza kwetu, na uje naye. Uwanja una paa la kufunga, mvua haiwaharibii safari. Daftari lake alibebe.

Mkazi wa Pittsburgh
Nimeongea na mama yake sasa hivi. Ya kianzio amekasirika, ya Milwaukee amekubali kabla sijamaliza sentensi. Tutakwenda wote wawili. Jezi ataivaa huko kwa mjomba wake. Ya kwangu ni nyeusi na dhahabu, siibadilishi.

Mama Wawili
Na ndani ya nyumba?

Mkazi wa Pittsburgh
Dada, hilo bado tunajadili.