Tupeane uzoefu: ni lini hofu ya Mungu ilikushika kweli?

Karani wa zamani, Tandahimba

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa wengine wote.

Kila Ijumaa tunausiwa: mcheni Mwenyezi Mungu. Wenzetu nao wanasomewa kanisani kwamba kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima. Neno tunalijua sote tangu utotoni. Ila ni lini ulilihisi mwilini? Naomba tusipeane mawaidha, kila mtu aseme yaliyompata. Naanza mimi, na ninayoyasema si ya kujivunia.

Msimu wa korosho wa 2017/18 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja huku kwetu. Bei mnadani ilikuwa inacheza karibu na 4,000 kwa kilo, kwa hiyo kila kilo niliiona kama noti. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mzani unasoma 23 na nusu, naandika 22, ile moja na nusu inaingia kwenye jina la ndugu yangu. Mkulima yuko foleni tangu alfajiri, jua linamchoma, anachotaka ni risiti aondoke zake.

Siku hiyo akaja bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, macho yote mawili. Korosho zake alizikausha vizuri, ukitikisa kiroba zinalia. Akaniuliza, "Ngapi, mjukuu wangu?" Nikamwambia 22. Akaipokea risiti kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akainua mikono akaniombea: Mungu akupe umri, akupe watoto wema. Foleni nzima ikaitikia, "Amin."

Ile amin ndiyo iliyonishika. Mkono ulitetemeka hadi nikamwomba mwenzangu anipokee kalamu. Si kwamba niliogopa kukamatwa, nani angenikamata? Niliogopa kwa sababu dua ile imeshafika, na aliyeipokea anajua nilichoandika. Suratul Mutaffifin nimeihifadhi tangu chuoni, ole wao wapunjao. Miaka yote hiyo nilikuwa naisoma nikiwafikiria wauza mchele wa sokoni.

Muuguzi, Masasi

Kaka, asante kwa kujitoa. Kwenye Mambo ya Walawi, sura ya 19, tumekatazwa kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, na papo hapo tunaambiwa: umche Mungu wako. Kiziwi hasikii ukimtukana. Kipofu hajui nani kaweka gogo njiani. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kukushtaki. Yule bibi yako ndiye huyo.

Sasa yangu. Kituo nilichokuwa nafanya kazi sikitaji. Usiku mmoja mama mjamzito alikaa saa 3 bila kuangaliwa, kwa sababu aliyetakiwa kuwepo zamu hakuwepo. Mtoto hakupona. Asubuhi nikaitwa na mkubwa wangu wa kazi, nikaambiwa nibadilishe saa kwenye faili ionekane mama ndiye aliyechelewa kufika. Nikapewa na kalamu, ya bluu, ili ifanane na maandishi ya mwanzo.

Nilimwogopa yule mkubwa, jamani. Nina watoto watatu na mkopo. Nikiwa nimeishika ile kalamu nikawakumbuka Shifra na Pua, wale wakunga wa Waebrania ambao Farao aliwaagiza wawaue watoto wa kiume wakakataa. Biblia inasema walimcha Mungu. Hawakuwa na jeshi wala cheo, wakunga tu kama mimi. Nikairudisha kalamu mezani, nikasema siwezi. Haukupita muda nikahamishwa, na mwaka huo niliuona mchungu. Lakini tangu siku ile sauti ya mkubwa ikipanda, magoti yangu hayalegei tena.

Mvuvi, Msimbati

Sisi tuko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, na bado baruti ya kuulia samaki tumeisikia ikilia. Doria ikiwepo watu wanatulia, doria ikigeuza mgongo wanarudi. Hiyo ni hofu ya boti.

Samaki wa baruti unamjua ukimpasua: uti wa mgongo umevunjika, nyama imelegea, damu imevilia tumboni. Siku moja mimi na baba tulikesha baharini tukapata patupu. Alfajiri tukakuta wenzetu wamepiga wakaondoka, samaki wanaelea matumbo juu, wengine hata hawakuokotwa. Nikanyoosha mkono. Baba akanishika hapa kwenye kifundo. "Hatukuwaua sisi," nikamwambia. Akajibu, "Na wale wadogo waliokwenda chini, Mola wao amewaona." Tukarudi na ndoo tupu, tukala muhogo. Nilimnunia wiki nzima.

Mwanafunzi, Mikindani

Yangu ndogo. Ramadhani, nina miaka 13, jua la mchana, naoga. Maji yakanipita mdomoni. Mlango nimefunga kwa ndani. Ningemeza, nani angejua? Nikayatema. Nilitoka bafuni nimekuwa mtu mwingine, sijui niseme vipi.

Mama wa wanne, Lindi mjini

Naomba niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna hofu iliyoniumiza. Mimi nililelewa kwa moto. Ukikosea herufi, moto. Ukichelewa magharibi, moto. Nikasali miaka yote kama mtu anayekimbizwa. Mwanangu wa pili alipofariki nikajua nimekamatwa, nikakunja mswala, nikauweka juu ya kabati. Miezi saba.

Aliyenirudisha ni mama mkwe wangu. Hakunihubiria. Alikuwa anakuja jioni, tunachambua mbaazi. Siku moja akasema: "Simba tunamwogopa, mwanangu, lakini umesikia wapi mtu anamcha simba? Simba unamkimbia. Mungu ukimcha unamkimbilia." Nikaangalia mbaazi zangu nikalia. Baadaye nikamsikia shehe akisema hofu na matarajio ni mabawa mawili ya ndege mmoja, nikaelewa kwa nini mimi nilikuwa nazunguka tu chini.

Kijana, Newala

Nitasema ukweli hata kama utawauma. Baba alipofariki, baba mdogo alichukua mikorosho yote ya mama. Huyo baba mdogo hakosi swala, ana alama ya sijda kwenye paji la uso. Wazee wanasema mcha Mungu si mtovu. Basi mtovu ni mama yangu, na asiyekosa ni yule. Mimi neno mchamungu nikilisikia naangalia kwanza mashamba ya mayatima.

Karani wa zamani, Tandahimba

Mdogo wangu wa Newala, pole sana. Sina la kumtetea baba yako mdogo. Siku ninapunja mizani nami nilikuwa safu ya mbele, na kanzu yangu ilikuwa nyeupe. Endelea kuangalia mashamba, ndiko kwa kuangalia.

Nilikuwa sijamaliza habari yangu. Nilichokula ni haki ya mja, toba ya ulimi peke yake haiifuti, lazima kirudi. Jumamosi nimepanda bodaboda hadi kwa yule bibi. Yu hai, haoni kabisa sasa. Nikamweleza yote nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, nikamwekea mkononi 6,000, na nyingine juu yake ya kuomba radhi. Ile 6,000 akaipapasa noti moja moja, akaifunga kwenye pindo. Iliyozidi akanirudishia.

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani ataniapiza. Akauliza, "Na wenzangu?"

Nimefungua daftari jana usiku. Nimepata majina 11 ninayoyakumbuka kwa hakika. Kesho naanza na mzee mmoja wa Kitama.