Ushauri: Neno lipi la Kiingereza linamfaa mtu mwenye dharau kazini?

Mtumba_Juu: Habari za jioni wakuu. Kuna mtu ofisini anajiona sana, nataka neno moja zito la kumweleza kwa Kiingereza. Nimepata "arrogant", "haughty", "conceited", "pompous" na "supercilious". Lipi kali zaidi? Kesho asubuhi nakabidhi.

Mama Zabibu: Mdogo wangu, hayo hayapishani kwa ukali, yanapishana kwa mahali kiburi kinapoonekana. "Conceited" ni majivuno ya ndani: anaamini ana akili kuliko wote hata akiwa peke yake. "Arrogant" anajitwalia asichopewa, anaamua mambo ya wenzake bila kuwauliza. "Pompous" iko kwenye maneno na vyeo. Ukimuuliza saa anakuhutubia. "Haughty" ni maringo ya mkao, na siku hizi linasikika la kizamani kidogo. "Supercilious" liko usoni, limetokana na neno la Kilatini la nyusi, supercilium: mtu anakunyanyulia nyusi. Huyo wako anafanya nini hasa?

Mtumba_Juu: Ana dharau tu kwa ujumla.

Mzee wa Ilazo: Kijana, chunguza moyo wako kwanza. Wengi tunamwita mtu ana kiburi kwa sababu hachangamani nasi. Huyo Waingereza humwita "aloof", na hajamkosea mtu.

Kamusi Hai: Mmesahau "snob". Watu hudai ni kifupi cha maneno ya Kilatini ya "asiye wa ukoo bora". Si kweli. Mwishoni mwa karne ya 18 lilikuwa jina la mshona viatu, baadaye wanafunzi wa Cambridge wakawaita hivyo watu wa mjini wasio wanachuo. Maana ya kudharau walio chini ilikuja baada ya hapo.

Mama Zabibu: Kamusi, hilo si swali lake. Mtumba, alisema nini? Na unakabidhi nini?

Mtumba_Juu: Sawa. Ni barua ya malalamiko, na mtu mwenyewe ni msimamizi wangu. Nikiwa natoa taarifa kwenye kikao alinikatisha, akasema "Let me make it simple for you", akaanza kunieleza taarifa niliyoiandika mwenyewe.

Mama Zabibu: Hapo sasa! Hilo ni "condescending" au "patronising": anakushukia kwa upole wa bandia, kana kwamba anasema na mtoto. Ukimtaja aliyefanyiwa, tumia "to" au "towards". Katikati ya "condescending" kuna s na c, wengi huiacha moja. "Patronising" Wamarekani huiandika kwa z.

Mtumba_Juu: Asante dada, ila "supercilious" litabaki. Kila siku anasahihisha Kiingereza changu mbele za watu. Nataka hili akalitafute kwenye kamusi.

Fundi_Nkuhungu: Wakuu, mnamfanyia mtu kazi ya chuo. Tangu lini barua ya malalamiko hapa Dodoma ikaandikwa kwa Kiingereza? Maneno matano, tofautisha, toa mfano: hilo ni swali la mtihani. Hata hicho kikao kimetungwa.

Kamusi Hai: Nami nilianza kushtuka.

Mtumba_Juu: Sijatunga. Ni mradi wa wafadhili, mkuu wake hajui Kiswahili. Rasimu nilishamtumia mchana kwa barua pepe, kesho napeleka iliyosainiwa. Na huyo msimamizi ndiye anayependekeza mikataba, wangu unaisha mwezi wa sita.

Fundi_Nkuhungu: Weka sentensi yako ya kwanza hapa.

Mtumba_Juu: "My supervisor is very arrogant, haughty and supercilious person."

Mama Zabibu: Imekosa "a" kabla ya "very". Hilo dogo. Maneno yote matatu yanahukumu tabia, na akiyakana huna cha kuonyesha. Anza na tarehe, kikao na waliokuwepo. Weka maneno yake yenyewe ndani ya alama za kunukuu. Kisha sentensi moja tu: "I found this condescending." Hiyo "I found" inaeleza lilivyokufikia wewe, na "this" inashika kauli, haimshiki mtu mzima. Kwa kule kukatishwa tumia "dismissive", yaani alikupuuza.

Rasimu isikuue roho. Usiku huu huu mwandikie mkuu mistari miwili: barua itakayosainiwa ndiyo ifuatwe, ya mchana isiingie kwenye faili.

Mzee wa Ilazo: Na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ukae nayo nyumbani.

Mtumba_Juu: Naandika sasa hivi. Ila dada, "haughty" peke yake siwezi kulibakiza?

Mama Zabibu: Hapana. Ulalamikie alichosema, mkao wake mwachie.