Filamu ya mlinzi iliyoonyeshwa Mwanjelwa: mtafsiri ametunyima filamu, sasa mtaa mzima unagombania kitu ambacho haukukiona

Ndugu zangu,

Nimekaa na jambo hili siku nne bila kuandika, nikingoja hasira ipoe, lakini haijapoa, na naona ni afadhali niliweke hapa kama lilivyo. Jumamosi iliyopita, katika banda moja la video hapa Mwanjelwa, Mbeya, ilionyeshwa filamu ya Kimarekani iitwayo Observe and Report, ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa sauti tu. Tangu usiku huo watu hawaelewani. Vijiweni vijana wanaapa kwamba hawajawahi kucheka namna ile, akina mama wanaouza chakula jirani na banda wanasema ni uchafu unaostahili kupigwa marufuku, na wapo wanaodai warudishiwe shilingi mia tano zao. Mimi ni mlinzi, huu ni mwaka wa saba nalinda malango ya watu katika jiji hili, na filamu hiyo nilikuwa nimeiona mara mbili kwa lugha yake kabla ya kuiona bandani. Kwa hiyo ninajua ninachokilalamikia. Makundi yote hayo yanabishana juu ya filamu ambayo hayakuonyeshwa.

Kwa wasioijua, filamu hii ilitoka Marekani mwezi Aprili 2009. Aliyeiandika na kuiongoza ni Jody Hill, na Seth Rogen anacheza kama Ronnie Barnhardt, mkuu wa walinzi katika jengo kubwa la maduka. Ronnie anaishi na mama yake ambaye ni mlevi, anampenda Brandi, msichana wa kaunta ya vipodozi ambaye hamtaki, na ndoto yake ni kuwa polisi. Anapojitokeza mwanamume anayevizia wanawake kwenye maegesho ya magari na kuwafunulia uchi wake, Ronnie anaona kwamba kumkamata mtu huyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya yeye kuheshimiwa, na hapo ndipo anapogongana na mpelelezi Harrison, ambaye amechezwa na Ray Liotta. Januari ya mwaka huo huo ilikuwa imetoka filamu nyingine ya mlinzi wa maduka, Paul Blart: Mall Cop, ya kuwachekesha watoto na wazazi wao, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 180 duniani, na watu wengi waliiendea hii ya pili wakidhani ni pacha wake. Hii haikufikisha hata dola milioni 30. Wahakiki wa huko waligawanyika vikali, wengine wakiisifu kwa ujasiri wake na wengine wakiiona chukizo, lakini ugomvi wao ulikuwa wa haki, kwa sababu wote walikuwa wametazama kitu kimoja.

Sisi tulinyimwa hata jina. Observe and Report maana yake ni "angalia na utoe taarifa", na mlinzi yeyote aliyepitia mafunzo, hata yale ya wiki mbili, atakuambia kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi: macho yako, kitabu chako cha matukio, simu au filimbi yako, na wenye uwezo wa kukamata unawaita. Filamu nzima imejengwa juu ya mtu aliyepewa kanuni hiyo akashindwa kukaa ndani yake, kwa kuwa kuangalia na kutoa taarifa hakumfanyi mtu aonekane na wenzake. Mtafsiri aliitangaza kwa jina la "Mlinzi Kichaa". Kabla picha ya kwanza haijatokea, watu walikuwa wameshaelekezwa wamcheke nani na kwa sababu gani.

Na huo ukichaa wenyewe ameuharibu. Katika filamu, Ronnie ana ugonjwa wa akili unaompandisha katika msisimko uliopita kiasi na kumtupa katika huzuni nzito, na ana dawa za kumeza. Katikati ya hadithi anaamua kuziacha kwa sababu anajiona amepata kusudi la maisha. Kila balaa linalofuata linatokana na uamuzi huo, na ukiuondoa unabaki na mnene anayepiga watu ovyo. Bandani neno dawa halikutajwa hata mara moja. Zile chupa za vidonge zilipotokea kwenye kioo, mtafsiri alisema ni "mambo ya kuongeza nguvu", na watu wakacheka wanavyocheka siku zote kwa neno hilo.

Kuna tukio moja ambalo mimi nalihesabu kuwa moyo wa filamu nzima, na naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu. Ronnie ameomba kazi ya polisi, na uchunguzi wa akili umemwangusha. Harrison, ambaye amekuwa akimdharau tangu mwanzo, anamwita ofisini ili ampe habari hiyo yeye mwenyewe, na kwa ajili ya starehe amemficha polisi mwenzake ndani ya kabati ili wasikie pamoja jinsi mlinzi huyu atakavyovunjika, kisha wacheke. Ronnie anaambiwa. Uso wake unabadilika, na chumba kinakuwa kizito. Ndipo yule polisi anatoka kabatini na kusema kwamba alidhani jambo hilo lingechekesha, kumbe linasikitisha tu, halafu anaondoka zake. Mara ya kwanza nilipoliona tukio hili nilisimamisha filamu. Yule mtu wa kabatini ni sisi watazamaji: tumelipa kiingilio, tumejificha gizani, tunangoja mtu aaibike, na mwongozaji anatufungulia mlango na kutuonyesha tulivyo. Hapo ndipo kila mmoja anaamua kama ataendelea kucheka au la, na mgawanyiko wa watazamaji unaosemwa tangu 2009 chanzo chake ni kitu cha aina hii. Mtafsiri wetu alifanya nini? Alimfanya yule polisi wa kabatini kuwa mwizi wa mke wa Harrison aliyekutwa mafichoni. Banda zima lilivunjika mbavu. Nami niliketi kwenye benchi la nyuma na koti langu la kazi, na sikuweza kufungua mdomo.

Tukio la chumbani ndilo baya zaidi. Brandi amekunywa pombe kali na kumeza vidonge vya Ronnie mwenyewe, ametapika, yuko kitandani kama mzoga, na Ronnie yuko juu yake. Kule Marekani tukio hilo ndilo lililozua mabishano makubwa kuliko yote, kwa sababu Ronnie anapositasita Brandi anatamka sentensi moja ya kumfokea aendelee, na baadhi ya watu walisema sentensi hiyo inamwondolea lawama huku wengine wakisema haiondoi chochote. Mimi niko upande wa wa pili bila shaka yoyote. Hata sheria yetu iko wazi: Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, haihesabu ridhaa iliyopatikana wakati mwanamke yuko katika ulevi wa kitu alichopewa na mwanamume huyo, isipokuwa ithibitike kwamba walikuwa wamekubaliana kabla, na adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mtafsiri alimpa Brandi sauti tamu tangu tukio linaanza, akimkaribisha "mume wangu mlinzi", hivi kwamba mtu aliyekuwa anasikiliza zaidi ya kutazama asingejua kwamba mwanamke huyo alikuwa amezimia. Mbele kabisa, kwenye mkeka, waliketi watoto. Filamu hii hata kwao ilipewa daraja R, maana yake mwenye umri chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Banda hilo liliingiza watoto wa shule ya msingi saa moja jioni.

Mwishoni Ronnie anampiga risasi ya kifua yule mwonyesha uchi mbele ya umati ndani ya jengo, na kila mtu anamshangilia. Hapa nakubali kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuichukia filamu yenyewe, achilia mbali mtafsiri. Mimi naamini Hill, ambaye mwenyewe amekiri kwamba Taxi Driver, filamu ya 1976 ya dereva mpweke anayeua watu akasifiwa kama shujaa, ilimwathiri, alitaka shangwe hizo zitukwame kooni: mgonjwa aliyeacha dawa amempiga risasi mtu asiye na silaha, na ndiyo kwanza wanamwona wa maana. Lakini sipendi jinsi anavyotuachia bila kumfikisha Ronnie popote, na mtu akiniambia kwamba hilo ni kutukuza risasi nitabishana naye kwa heshima. Bandani hapakuwa na la kubishania. Mtafsiri alipiga kelele za ushindi na watu wakasimama kupiga makofi.

Wale wanaotaka ipigwe marufuku nawaambia kwamba walichokiona kilistahili hasira yao, ila wamuulize aliyekitengeneza. Wale wanaosema vichekesho ni vichekesho nisichukulie moyoni, wanieleze ni kichekesho kipi hasa walichokicheka, kwa maana kilichotungwa na mwandishi hawakukisikia. Wapo pia walioniambia kwamba kazi ya kutafsiri bandani ndivyo ilivyo, kwamba mtafsiri huongeza chumvi ili watu wasisinzie. Hilo silikatai. Nimekulia kwenye mabanda hayo, nimejua nchi za watu kwa sauti za watafsiri hao, na wapo walioifanya kazi hiyo kwa ufundi hata filamu ikawa tamu zaidi bila kupoteza habari yake. Kuongeza chumvi kwenye chungu ni jambo moja. Huyu alimwaga mboga akatuletea chumvi kwenye sahani.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mlinzi wa zamu ya usiku hapa Mbeya anaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi huu wa Juni baridi inakata mifupa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kampuni ndogo za ulinzi kuwa shilingi 148,000 kwa mwezi. Heshima ya mtaa ni sehemu ya malipo yetu, na sisemi hivyo kwa kutafuta huruma. Kuna kijana anayepita getini kwangu kila asubuhi akienda shule, na kwa miaka miwili amekuwa akiniamkia. Jumatatu alipita na wenzake watatu, akaniuliza kama nimemeza mambo yangu ya kuongeza nguvu, wakakimbia wakicheka.

Mimi nitavumilia. Lakini ninaye mwenzangu kazini, ambaye sitasema lolote la kumtambulisha, anayeugua ugonjwa unaofanana na wa Ronnie na anayetumia dawa za hospitali kila jioni. Alikuwa akizimeza lindoni, mara tu tunapokabidhiana kitabu, mbele yangu, kwa maji ya chupa, bila aibu, na mimi nilikuwa kama saa yake ya kumkumbusha. Tangu Jumamosi haji nazo. Anasema atazimeza nyumbani kabla ya kutoka, na wiki hii amekiri kwangu kwamba mara mbili amesahau. Filamu iliyotengenezwa kuonyesha mtu anavyoangamia kwa kuacha dawa imemfanya mwenzangu afiche zake, na haikumfikia hivyo kutoka kwa aliyeiandika.

Ninayemlaumu kwanza ni mwenye banda, kwa sababu nilimfuata Jumapili kwa adabu, nikamwamkia kama mkubwa wangu, nikamweleza yote haya, naye akanijibu kwamba filamu imejaza banda na kwa hiyo ni nzuri. Nilimwomba mambo matatu tu: watoto wasiingie, jina la "Mlinzi Kichaa" lifutwe kwenye ubao wa nje, na matukio mawili niliyoyataja, la kabatini na la chumbani, yaachwe na sauti yake ya asili hata kama wengi hawatamwelewa Mzungu anasema nini, maana nyuso zile zinaeleweka kwa lugha yoyote. Hakukubali hata moja, na ubao sasa unatangaza kwamba itarudiwa Jumamosi hii saa moja jioni.

Nimebadilishana zamu ili niwepo. Tukio la kabatini likifika nitasimama na kueleza kwa sauti yangu yule polisi amesema nini. Mlio jirani na Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, na hasa walinzi wenzangu mtakaokuwa mapumziko, nawaomba mje mketi karibu nami.