FT8 inafika Japani, lakini FreeDV kaka yangu wa Muscat hanielewi. Nakosea wapi?

Mwambao_Tanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za hewani.

Naandika kutoka Chumbageni, Tanga. Huu ni mwaka wangu wa pili na leseni ya redio ya ridhaa. Nina Yaesu FT-857D ya mtumba, na antena ni daipoli, yaani waya ulionyooshwa, ya bendi ya mita 20: ncha moja nimeifunga kwenye mwembe wa jirani, nyingine kwenye bomba nililosimamisha juu ya paa. Kompyuta naiunganisha kwa kisanduku cha sauti nilichokiunda mwenyewe, waya wake unaingia kwenye tundu la maiki.

Kwa FT8, ile njia ya kurusha ujumbe mfupi wa kompyuta kwa toni, na wati 20 nimeshafika Japani na Brazili, na Ulaya naipata karibu kila jioni. Kwa hiyo niliamini mtambo wangu uko sawa.

Lakini shabaha yangu haikuwa kubadilishana namba na watu nisiowajua. Mtoto wa mama mkubwa anaishi Muscat miaka mingi sasa, na yeye ana leseni ya huko. Mama zetu wote wawili wametangulia mbele ya haki, tumebaki sisi. Tunataka tuongee Kiswahili, antena kwa antena, bila intaneti katikati. SSB, njia ya kawaida ya kurusha sauti, tumejaribu, ila mtaani kwake vifaa vya umeme vinapiga kelele sana na sauti yangu inazama humo. Ndipo tukasema tujaribu FreeDV, programu inayogeuza sauti kuwa namba na kuirusha hewani, maana tumesoma kwamba inapenya pale ambapo sauti ya kawaida imeshindwa.

Siku nne tumejaribu, saa moja na nusu usiku kwa saa zetu, 14.236 MHz, kwa modi ya FreeDV iitwayo 700D. Kaka anasema mawimbi yangu anayaona vizuri kwenye kioo, taa ya kijani ya programu inawaka, inazima, inawaka, lakini kinachotoka kwenye spika ni kama mtu anasukutua maji mdomoni. Mimi namsikia afadhali kidogo, neno hapa neno pale.

Nimepandisha nguvu kutoka wati 20 hadi 60, nikawasha na kikandamiza sauti cha redio, kile kinachoinua sauti ndogo zikaribie kubwa. Hali ikazidi kuwa mbaya. Naombeni msaada.

BintiKisauni

Mwambao, salaam kutoka Mombasa. Mimi FreeDV nimehangaika nayo karibu mwaka mzima, na kosa lako la kwanza umelitaja mwenyewe bila kujua: kikandamiza sauti. Kizime leo hii, na usikiwashe tena unapotumia modi yoyote ya kompyuta.

La pili ni hili la kuiamini FT8 ikupime mtambo. FT8 haiwezi kukupima, na nitakueleza sababu, kwa kuwa watu wengi hukwama hapa na kuiacha FreeDV wakidhani ni mbovu.

FT8 hutoa toni moja tu kwa wakati mmoja. Inaruka kati ya toni 8 zilizoachana kwa Hz 6.25, lakini kila mara ni moja, na kimo cha wimbi hakipandi wala hakishuki. Ukiisukuma kupita kiasi redio inakata vichwa vya wimbi na kuwachafulia majirani zako wa bendi, ila ile toni inabaki palepale ilipokuwa. Mjapani anaisoma, wewe unafurahi.

700D ni kitu kingine kabisa. Ina mawimbi madogo 17 yanayokwenda sambamba. Kuna nukta ambapo mengi yake yanakutana kilele kwa kilele, na hapo jumla inaruka juu sana kupita wastani. Redio ikikata vichwa hivyo, imekata maneno yenyewe. ALC, kidhibiti nguvu cha redio kinachojiendesha chenyewe, nayo ikiingilia kati inavuta kila kitu chini kisha inaachia, na mpokeaji anaona mawimbi yanayochezacheza. Kile kikandamizaji chako ndicho kimeyasaga yote 17 pamoja.

Fanya hivi. Weka mita ya redio kwenye ALC. Shusha sauti ya kompyuta mpaka ALC isisogee hata kijiti kimoja. Kisha angalia mita ya wati: kwa redio ya wati 100 utaona wastani wa 15 hivi, pengine 20. Utaona ni kidogo, utatamani kuongeza. Usiongeze.

Kisha jisikilize mwenyewe kabla ya kumsumbua kaka. Una kipokezi cha pili? Hata kile kidogo cha kuchomeka kwenye USB kinatosha. Tuma kwenye mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani, badala ya antena, pokea chumba cha pili na kompyuta nyingine yenye FreeDV, utazame ule mchoro wa nukta kwenye programu. Mtambo ukiwa safi nukta zinajikusanya makundi manne yaliyoachana. Ukiwa unakata vichwa, zinatapakaa kama mchele uliomwagika kwenye sakafu.

Mgeni_Arusha

Samahanini kwa swali la mwanafunzi. Sauti ikishageuzwa kuwa namba namna hii, si inakuwa kama kuficha maneno? Nilifundishwa kwamba hairuhusiwi.

Baharia_Mstaafu

Swali zuri, kijana. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ibara ya 25, zinakataza kuficha maana ya mawasiliano kati ya stesheni za ridhaa za nchi mbalimbali. FreeDV haifichi kitu. Inatumia kigeuza-sauti kiitwacho Codec 2, aliyoiandika David Rowe wa Australia, na maandishi yote ya programu hiyo yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyapakua akasikiliza. Kigezo ni nia ya kuficha. Hata hivyo soma masharti ya leseni yako, maana kila mamlaka ina utaratibu wake.

Sasa nirudi kwa Mwambao. Niko Unguja. Nilikuwa afisa wa redio melini enzi za Morse, kabla mfumo wa usalama baharini wa GMDSS haujatuondoa vitini mwaka 1999. Aliyosema Binti ni kweli tupu, nami naongeza jambo ambalo maelezo ya wenzetu wa Ulaya hayaligusi kwa sababu kwao halipo.

Mnazungumza saa moja na nusu usiku. Tazama ramani. Kutoka Tanga hadi Muscat ni karibu kilomita 3,800, na katikati ya njia yenu ni karibu na ncha ya Pembe ya Afrika, latitudo ya 9 hivi kaskazini. Hapo ndipo inapopita ikweta ya sumaku ya dunia. Baada ya jua kuzama, tabaka la F, lile la juu angani linalorudisha mawimbi yetu chini, juu ya ikweta hiyo linapanda haraka, na chini yake yanazuka mapovu, yaani mifuko iliyopungukiwa elektroni, yanayopanda juu. Mawimbi yakipita humo yanatetemeka. Sisi melini tulikuwa tunalisikia kwa masikio: Morse ya stesheni za Ghuba, iliyokuwa safi kama kengele saa kumi na moja jioni, ikifika saa mbili usiku inakuwa na mtikisiko kama inapita ndani ya maji. Miezi ya Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, ndiyo mibaya zaidi, na miaka ambayo jua lina madoa mengi huzidi.

Sikio la binadamu linavumilia mtikisiko huo. FT8 nayo huvumilia mara nyingi, kwa sababu ina sekunde karibu 13 za kutuma ujumbe mfupi uleule na marekebisho ya makosa juu yake. 700D inafunga sauti katika vifurushi vya milisekunde 160. Hali ya njia ikibadilika ndani ya kifurushi kimoja, kifurushi kimekwenda.

Hamieni saa kumi alasiri. Na badala ya 700D jaribuni 700E, ambayo ilitengenezwa hasa kwa njia zinazobadilika haraka. Inahitaji mawimbi yenye nguvu kidogo zaidi, lakini kwa umbali wenu sidhani itawashinda.

Kilimani_DMR

Wazee, heshima zenu. Lakini Mwambao, kwa nini ujitese hivyo? Chukua redio ndogo ya kidijitali ya DMR na hotspot, kisanduku cha kuweka mezani, unganisha na intaneti, ongea na kaka yako hata saa nane usiku. Hakuna mapovu, hakuna ALC. Mimi niko Nairobi, kila asubuhi naongea na Uingereza nikinywa chai. Wimbi linatoka milliwati 10 tu kutoka mezani.

Mwambao_Tanga

Kilimani, asante. Nakubali DMR ina raha yake, na ule ujanja wa kugawa chaneli moja ya kHz 12.5 kwa watu wawili wanaopokezana kila milisekunde 30 naupenda. Lakini katika njia hiyo sehemu ya redio ni kutoka mkononi mwangu hadi mezani, safari iliyobaki ni bando. Nikitaka bando ninayo simu, na tunapigiana kila Ijumaa. Pia kile kigeuza-sauti cha DMR ni mali ya kampuni, kinauzwa kikiwa kimefungwa ndani ya chipu. Codec 2 naweza kuifungua nikaisoma mstari kwa mstari, hata nisipoelewa yote leo. Hilo kwangu ni nusu ya sababu ya kukata leseni.

Binti na Mzee, ngoja nifanye mlivyosema nirudi.

Mwambao_Tanga (siku tisa baadaye)

Nimerudi. Nawaeleza kwa utaratibu ili na mwingine afaidike.

Siku ya kwanza nilifanya jaribio la chumba cha pili. Sikuwa na mzigo bandia, rafiki yangu fundi wa hapa Ngamiani akaniazima wake. Nikachomeka kipokezi cha USB kwenye laptopu ya mke wangu, nikaiweka meza ya chakula, nikarudi kwenye redio na kusema "moja, mbili, tatu, Tanga hapa" nikiwa na mipangilio yangu ileile ya zamani. Mke wangu akaniita, "Njoo uone." Nukta zilikuwa wingu moja la duara, hakuna kundi wala alama ya kundi. Na hapo kipokezi kilikuwa mita sita kutoka kwenye redio! Muscat ningewasilianaje?

Nikazima kikandamizaji. Wingu likaanza kuwa na mashimo. Nikashusha sauti ya kompyuta taratibu, mke wangu akinisomea kutoka chumba cha pili: "Bado... bado... zinaachana... hapo! Simama hapo!" Mita ya wati ilikuwa inachezea 14. Siku zile nne nilikuwa narusha 60 za uchafu.

Kulikuwa na tatizo la tatu ambalo hakuna aliyelitaja. Nilipotoka kwenye mzigo bandia nikarudi kwenye antena, nukta zikaanza kuruka tena kila nikibonyeza. Nikagusa waya wa USB kwa mkono, zikatulia kidogo. Mawimbi ya antena yalikuwa yanarudi kwa nje ya koaksi, ule waya unaokwenda kwenye antena, na kuingia kwenye kisanduku changu. Nimezungusha koaksi mizunguko saba kwenye pete ya feraiti, inayozuia mawimbi hayo, pale inapoingia dirishani, na USB nikaipitisha mara nne kwenye pete ndogo. Kwisha.

Jumamosi tukakutana na kaka saa kumi alasiri, 14.236, modi ya 700E. Kwa dakika ya kwanza hakuna kitu, nikaanza kuhema. Kisha taa ikawaka kijani na ikabaki kijani, na sauti ikatoka: "Tanga, Tanga, hapa Muscat, mdogo wangu umenipata?" Nikasema shikamoo kaka. Akaitikia marahaba kama yupo barazani.

Sauti si nzuri, nisiwadanganye. Ni nyembamba, "sh" inatoka kama upepo, na "ng'" inapotea kabisa: aliposema ng'ambo nikasikia ambo. Biti 700 kwa sekunde ni mzigo mdogo mno kubebea Kiswahili chetu. Lakini kelele za mtaani kwake hazikuwepo tena. Katikati ya maneno palikuwa kimya kabisa, kimya ambacho SSB haijawahi kunipa hata siku moja. Tuliongea dakika arobaini. Alinikumbusha namna mama yake alivyokuwa akituita tukichelewa baharini, akaniigizia, na hata kwa kigeuza-sauti kile niliitambua ile lafudhi ya Pangani.

Makusudi tukarudi saa moja na nusu usiku kumpima Mzee Baharia. 700E ilishika kwa vipande vipande, 700D haikushika hata neno moja. Mzee, ulilolisikia melini lipo hadi leo.

BintiKisauni

Hongera sana, nimefurahi moyoni! Ile pete ya feraiti ningepaswa kukuambia, kwangu pia ilinisumbua. Sasa jaribuni RADE, ile modi mpya ya FreeDV iliyoanza kutolewa 2024. Inatumia mtandao wa neva wa kompyuta uliofunzwa kwa sauti za watu, upana wa kHz 1.5 tu hewani, na "sh" utaisikia kama "sh". Inataka kompyuta yenye nguvu zaidi.

Baharia_Mstaafu

Na mkishaiweka nipeni saa na masafa. Nina kipokezi hapa Unguja, nitawasikiliza wote wawili nione ni nani anatikisika zaidi.

Mwambao_Tanga

Laptopu yangu inakwama kwenye RADE, sauti inakatika. Ya mke wangu inaiweza, na amekubali kuiazima kila Jumamosi alasiri. Kwa hiyo Mzee, Jumamosi hii saa kumi, 14.236, kama pana mtu tutasogea juu kidogo. Kaka ameahidi kusema ng'ambo, ng'ombe na ng'onda mara tatu tatu.