Mrejesho: vifaranga wangu sita wa Silkie

Assalam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza hapa nitawajuaje majogoo kati ya vifaranga wangu sita wa Silkie, wale kuku wenye manyoya laini kama hariri, wakiwa na wiki tano, huku Kisauni, Mombasa. Sasa wana miezi saba.

Ile mbinu ya kuning'iniza pete kwa uzi juu ya kifaranga, eti inavyocheza ndiyo inaonyesha jike au dume, niliijaribu: leo pete ilizunguka, kesho yake ikayumba, kwa kifaranga yule yule. Iacheni. Kuwabinua kuwatazama nyuma sikuthubutu, nikichelea kuwaumiza. Kilichonifaa ni kusubiri na kutazama kishungi, yaani manyoya ya utosini. Kufikia miezi minne, watatu walikuwa nacho cha mviringo kama kitonge cha pamba. Wawili manyoya yalichomoza kuelekea kisogoni kama nyuzi, na upanga, ile nyama ya kichwani, ukatanuka juu ya mdomo, mweusi, wenye vinundu. Hao majogoo kweli.

Wa sita alinikosesha. Mdogo, mpole, kishungi cha duara. Nikampa jirani kama tembe, kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Alfajiri moja akawika kabla ya adhana! Nimembadilishia jirani na kumtaka radhi.

Jana nimeokota yai la kwanza, dogo, rangi ya maziwa. Ahsanteni sana, hasa dada uliyenisihi nisiwauze mapema.